Folda ya mikopo imenigomea hata mimi: nipangeje ruhusa ili kila mtu aone kinachomhusu tu?

Karani wa Mwanga (Kigoma)

Salamu kwenu wote. Naandika nikiwa bado ofisini, saa moja jioni, wenzangu wameshaondoka. Mbele yangu kuna folda inaitwa MIKOPO na haifunguki. Haifunguki kwangu, haifunguki kwa meneja, haifunguki kwa yeyote. Aliyeifunga ni mimi kwa mkono wangu mwenyewe.

Nieleze ilivyokuwa, maana najua mtauliza.

Mimi ni karani na mtunza kumbukumbu wa SACCOS moja hapa Kigoma mjini. Wanachama wetu wengi ni watu wa mwalo wa Kibirizi: wenye mitumbwi, wachuuzi wa dagaa na migebuka, akina mama wa mawese, na bodaboda wachache. Tuna kompyuta saba zilizounganishwa kwa waya kwenye swichi moja iliyotundikwa juu ya kabati la mafaili. Seva hatuna. Kompyuta ya chumbani kwa meneja ndiyo tunayoiita seva, kwa kuwa haizimwi na ina UPS yake ya kushikilia umeme ukikatika. Inatumia Windows 10 Pro, na kwenye diski D kuna folda moja kubwa, OFISI. Ndani yake kuna MIKOPO, AKIBA, VIKAO, UTAWALA, na WOTE ambayo ni ya fomu na barua za kawaida. Fundi aliyetufungia mtandao huu aliishea OFISI kwa "Everyone" (kila mtu) na kuipa "Full Control" (haki zote), akatuachia jina moja la kuingilia, ofisi, na pasiwedi moja ya watu wote. Tulikaa hivyo miaka minne bila kuona ubaya wake.

Mwezi uliopita ubaya ukaja mara mbili.

Kwanza, kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo, mtoto mwenye adabu na anayependa kazi, alikuwa akitafuta picha za mkutano mkuu. Mausi ya kompyuta ile inang'ang'ania. Alibonyeza, akaburuta bila kujua, MIKOPO nzima ikatumbukia ndani ya folda ya picha. Hakuona kitu. Kesho yake afisa mikopo anafungua, MIKOPO haipo. Na zilikuwa siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani kwa sababu taa zao hazivuti samaki mwezi ukiwa mkubwa. Hizo ndizo siku wanazokuja kwetu. Benchi la nje lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Tukawaambia warudi kesho, na kesho yake tukawaambia tena. Kuna mama alikuja kwa pikipiki kutoka Mwandiga, anataka barua ya kumaliza deni lake ili akachukue hati ya kiwanja aliyoweka dhamana. Nilipomwambia hatuoni faili lake hakunijibu neno. Alikaza kanga kiunoni, akachukua mkoba wake akashuka ngazi. Sura yake bado ninayo. Folda tuliikuta siku ya pili jioni, nilipofungua picha nikitafuta jambo lingine kabisa.

La pili ni zito zaidi. Deni la mwanachama mmoja, hadi shilingi ya mwisho, lilitajwa mwaloni mbele za watu. Mwenyewe alikuja ofisini midomo inamtetemeka. Kikao kikaitwa, na kwa kuwa mimi ndiye mtunza kumbukumbu, macho yote yakanielekea. Nikasema ukweli: faili lile linaweza kufunguliwa na yeyote aliyekaa kwenye kompyuta yoyote kati ya saba, hata mgeni akikaa kwenye kiti changu nikitoka kwenda kula. Mwenyekiti akauliza, "Tunaweza kujua nani alilifungua?" Nikajibu hapana, maana sote tunaingia kwa jina moja. Hilo jibu lilinikaa kooni siku nzima.

Ndiyo maana leo nimebaki ofisini kurekebisha. Nilifungua MIKOPO kwenye kompyuta ya meneja, nikaenda kwenye "Security", nikamchagua "Everyone", nikaweka tiki zote upande wa "Deny" (kukataza). Niliwaza hivi: nifunge kwa wote kwanza, halafu nimfungulie mmoja mmoja. Likatokea onyo refu, nikabonyeza ndiyo. Tangu hapo folda inaniambia sina ruhusa.

Naombeni mambo mawili. La kwanza, nifungue vipi bila kupoteza kitu. La pili, nipangeje. Nina makeshia wawili ambao wanatakiwa waone salio la mkopo ili wapokee marejesho, ila wasibadilishe. Nina afisa mikopo anayeandika kila siku. Mhasibu anahitaji AKIBA na MIKOPO. Meneja anaona vyote. Wajumbe wa bodi wasome VIKAO tu. Kijana wa mafunzo abaki WOTE. Nami naandika VIKAO na UTAWALA. Nielezeni hatua kwa hatua, kama mnavyomweleza mtu anayejifunza.

Fundi wa Ujiji

Dada, pole sana. Hakuna faili lililopotea, kwa hiyo leo usilale na wasiwasi.

Kaa kwenye kompyuta ya meneja yenyewe, usipitie mtandaoni, na uingie kwa akaunti ya msimamizi. Raiti kliki MIKOPO, nenda Properties, Security, halafu Advanced. Folda inaweza kukukatalia kuingia na bado ukurasa huo ukafunguka, kwa sababu mmiliki wa folda hanyang'anywi haki ya kubadilisha ruhusa zake hata akiwa amejifungia nje. Ukurasa ukikataa, juu yake utaona neno Owner. Bonyeza Change, andika Administrators, hifadhi, funga dirisha lote na ulifungue upya. Kwenye orodha tafuta mstari unaoanza na Deny, uchague, bonyeza Remove, kisha OK. Mafaili yakiwa mengi itachukua dakika kadhaa kushuka hadi chini. Usikatishe katikati, na hakikisha UPS ina chaji kabla hujaanza.

Kosa lilikuwa wapi? "Everyone" ni kila mtu, na wewe umo. Ruhusa za vikundi hujumlishwa: ukiwa kwenye kikundi kinachosoma na kingine kinachoandika, utasoma na kuandika. Lakini Deny iliyowekwa kwenye folda yenyewe hushinda kila Allow (kuruhusu), hata ungejiongeza mara kumi. Kumzuia mtu hakuhitaji Deny. Asiyeandikwa kwenye orodha haingii, basi. Mimi nafanya kazi hii kwa watu wengi mjini hapa na Deny naigusa kwa nadra mno.

Sasa mpangilio. Elewa kwamba milango ni miwili. Wewe wa Kigoma utanielewa nikisema bandari. Mwenye kibali cha geti ameingia geti tu, ghala lina kufuli lake na mwenye ufunguo wake. Ruhusa za kushea, zilizo kwenye ukurasa wa Sharing, ndizo geti. Ruhusa za diski yenyewe, zilizo kwenye Security, ndizo kufuli la ghala. Anayekuja kupitia mtandao hupimwa kwa zote mbili, na iliyo kali zaidi ndiyo inayotawala. Anayekaa kwenye kompyuta ya meneja yenyewe hapiti getini kabisa, anakutana na kufuli tu. Ndiyo maana kufuli halitakiwi kulegea hata kama geti liko imara.

Kwenye geti mwondoe "Everyone" mwenye "Full Control", weka "Authenticated Users" mwenye "Change". Hapo kila mwenye akaunti atapita lakini hataweza kubadilisha ruhusa akiwa mbali. Kazi yote ya kuchagua nani aone nini ifanye kwenye Security.

Kabla ya hapo, lile jina moja la ofisi life. Kwenye kompyuta ya meneja fungua Computer Management, Local Users and Groups. Hii ipo kwenye Windows ya Pro, kwenye ya Home haipo. Mtengenezee kila mtu akaunti yake ya kawaida, si ya usimamizi. Jina na pasiwedi viwe vilevile anavyotumia kwenye kompyuta yake, Windows itamtambua bila kumsumbua kila asubuhi. Halafu tengeneza vikundi kwa kazi: mikopo_andika, mikopo_soma, akiba_andika, vikao_andika, vikao_soma, na kadhalika. Watie watu kwenye vikundi. Kwenye folda andika vikundi tu, usiandike jina la mtu hata mara moja. Keshia akihama, unamtoa kwenye kikundi na kumwingiza mwingine. Ukiwa umeandika majina kwenye folda, utakuja kuyasaka kwenye folda arobaini na mengine utayasahau.

Kwenye MIKOPO, Advanced, bonyeza Disable inheritance ili isirithi ulegevu wa OFISI, chagua kubadili zilizorithiwa ziwe za hapohapo, kisha ondoa zisizotakiwa. Bakiza SYSTEM na Administrators. Makeshia waweke kwenye mikopo_soma yenye "Read & execute". Afisa mikopo na mhasibu waweke kwenye mikopo_andika yenye "Modify", yaani kusoma, kuandika na kufuta.

Na hapa nikuonyeshe dawa ya ile ajali ya kuburuta, maana wengi hawaijui. Ukimpa mtu "Modify" kwa jumla, amepata pia haki ya kufuta folda yenyewe, na kuihamisha kunahesabika kuifuta ilipo. Kwa hiyo mikopo_andika iandike mara mbili. Mstari wa kwanza, kwenye sehemu ya Applies to, chagua "Subfolders and files only" na umpe "Modify". Mstari wa pili chagua "This folder only" na umpe kusoma na kuunda mafaili na folda, bila tiki kwenye Delete. Juu kabisa, kwenye OFISI, watu wote wabaki na kusoma tu, nayo iwe "This folder only". Hapo mausi iteleze inavyotaka: MIKOPO, AKIBA na VIKAO hazitoki mahali pake. Ataambiwa hana ruhusa, kazi inaendelea.

Kijana wa Gungu

Kwani msingeweka pasiwedi kwenye faili la Excel tu na kuificha ile folda? Sisi ofisini kwetu tunafanya hivyo na hatujapata shida.

Mwalimu wa Tabora

Mdogo wangu, pasiwedi ya Excel inazuia kusoma, haizuii kufuta. Kijana wa mafunzo angeiburuta folda ile na pasiwedi zake zote ndani. Na pasiwedi ya faili hupitishwa kwa mdomo: leo wanajua wawili, baada ya miezi mitatu wanajua kumi na mbili, na hakuna njia ya kumnyang'anya mmoja bila kuwabadilishia wote. Kuficha folda ndiyo kabisa, mtu akiweka tiki moja tu ya kuonyesha vilivyofichwa anaiona.

Dada, mimi natunza kompyuta za shule moja hapa Tabora. Hatukuwa na fedha ya kununua leseni, nikachukua kompyuta kuukuu iliyokuwa imefunikwa gunia stoo, nikaiwekea Ubuntu, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, pamoja na Samba. Samba ni programu ya bure iliyoanzishwa na Andrew Tridgell kule Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990, nayo huziwezesha mashine za Unix, jamii ya hiyo Ubuntu, kushea mafaili na Windows. Kompyuta za walimu zinaiona kama kompyuta nyingine yoyote. Kanuni ni ileile aliyokwambia fundi, ila kwa namba. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kupita ni 1. Folda ya matokeo nimeipa 2770: mwenye folda 7, kikundi cha taaluma 7, wengine wote 0. Ile 2 ya mwanzo inafanya kila faili jipya lizaliwe na kikundi cha folda. Bila hiyo, mwalimu wa hisabati akiweka alama zake, mwalimu wa taaluma hawezi kuzisahihisha, kwa kuwa faili limeandikwa kikundi cha yule aliyelitengeneza. Hilo lilinisumbua muhula mzima kabla sijalielewa.

Niongeze jambo moja ambalo fundi hakuligusa. Kirusi kikiingia kwenye kompyuta ya keshia kinafanya kazi kwa ruhusa za keshia. Keshia akiwa na haki ya kusoma tu, kirusi hakiwezi kuyafunga mafaili ya mikopo kutokea kwenye mashine yake. Akiwa "Everyone" mwenye haki zote, kinayafunga yote kwa dakika chache. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliruka kutoka kompyuta hadi kompyuta duniani kote kwa kutumia tundu kwenye toleo la kwanza la SMB, ile lugha ambayo Windows huitumia kushea mafaili. Ukikuta mahali wanakwambia uwashe toleo hilo la kwanza ili kompyuta kuukuu ionekane, usikubali.

Karani wa Mwanga (Kigoma)

Nimerudi. Mungu awabariki. Folda ilifunguka usiku uleule. Niliondoa ule mstari wa Deny, nikasubiri kama dakika sita nikiangalia ule ukanda wa kijani ukisogea na majina ya wanachama yakipita haraka haraka juu yake, mmoja mmoja, watu ninaowafahamu kwa sura. Nilipoona "Mikopo 2023" imefunguka nilikaa kimya kidogo kabla sijazima taa.

Jumapili nilikuja na mhasibu tukafanya mpangilio wote. Tulichora kwanza kwenye karatasi ya kalenda ya mwaka jana, upande wa nyuma: folda juu, vikundi pembeni. Kazi ya kuchora ilichukua muda mrefu kuliko ya kompyuta, kwa sababu ilibidi tuulizane mambo ambayo hatujawahi kuulizana. Kwa mfano, kwa nini makeshia waone fomu ya maombi yenye taarifa za ndoa na za afya za mwanachama, wakati wanachohitaji ni salio tu? Tukaigawa MIKOPO iwe MAOMBI na MASALIO. Makeshia wanasoma MASALIO pekee, na orodha ya MAOMBI hawamo.

Nilijaribu kuburuta MIKOPO mwenyewe, kwa makusudi, nikiwa nimeingia kwa akaunti ya kijana wa mafunzo, halafu kwa ya afisa mikopo. Zote zilikataa. Nilijaribu mara nne kwa furaha.

Yamebaki matatu. Keshia wa kwanza yuko sawa. Keshia wa pili kompyuta yake bado inaingia kwa lile jina la ofisi, na nikimwekea jina lake jipya inaleta ujumbe kwamba mtu mmoja hawezi kuunganishwa na seva moja kwa majina mawili. La pili: afisa mikopo alitengeneza fomu mpya ndani ya MAOMBI, akaihamishia WOTE ili makeshia waichapishe. Wanaiona ipo, wakiifungua wanaambiwa hawana ruhusa, wakati mafaili mengine yote ya WOTE yanafunguka. La tatu: naweza kumzuia afisa mikopo asifute faili lakini aendelee kuandika? Niliondoa haki ya kufuta kwenye mafaili, sasa Excel inamkatalia kuhifadhi.

Fundi wa Ujiji

Dada umefanya kazi ya kiume na ya kike pamoja. Ile karatasi ya kalenda itunze, ndiyo ramani yako.

Keshia wa pili: kompyuta yake imehifadhi lile jina la zamani. Nenda Control Panel, Credential Manager, Windows Credentials, futa mstari wenye jina la seva. Kisha fungua dirisha jeusi la amri uandike net use * /delete, ukubali, halafu atoke na kuingia upya. Ingekuwa vizuri pia uifunge kabisa ile akaunti ya ofisi kwenye seva, maana ikiwa hai kuna siku mtu ataitumia. Na kumbuka, ukimwongeza mtu kwenye kikundi leo haoni tofauti mpaka atoke na kuingia tena. Watu wengi huhangaika saa nzima wakidhani wamekosea.

Fomu: hiyo ni tabia ya diski yenyewe. Ukinakili faili, nakala inachukua ruhusa za pale inapofikia. Ukilihamisha ndani ya diski ileile, linaweza kwenda na ruhusa za kule lilikotoka, kwa sababu kompyuta haikuliandika upya, imelibadilishia anwani tu. Fomu imekuja WOTE ikiwa bado imevaa ruhusa za MAOMBI. Kwa hilo moja, kwenye seva andika icacls, jina la faili lenye njia yake kamili, halafu /reset. Litarithi za WOTE. Kwa siku zijazo waambie wanakili, kisha wafute la zamani. Na uangalie pia upande wa pili: faili linalotoka WOTE kwenda MAOMBI kwa kuhamishwa linaweza kubaki wazi kwa wote. Hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu hakuna atakayelalamika.

Kufuta: rudisha haki hiyo. Excel ikihifadhi haiandiki juu ya faili lako, inaunda faili la muda, inalipa jina la lile la mwanzo na la zamani inalifuta. Ukizuia kufuta umezuia kuhifadhi. Kinga yako hapo ni bekapu. Weka diski ya nje inayochukua nakala kila jioni kwa akaunti isiyotumiwa na mfanyakazi yeyote, na ichomolewe ikimaliza.

Lile swali la mwenyekiti sasa lina jibu. Kwenye seva fungua Local Security Policy, washa ukaguzi wa Object access upande wa waliofanikiwa, halafu kwenye MIKOPO nenda Advanced, Auditing, ongeza vikundi vyako. Kila faili likifunguliwa utakuta kwenye Event Viewer, sehemu ya Security, tukio namba 4663 lenye jina la mtu, faili na saa. Iwashe kwa MIKOPO peke yake. Ukiiwasha kwa OFISI nzima kumbukumbu zitajaa na zitafutana zenyewe.

Mhasibu mstaafu

Binti yangu, nimekaa kwenye vyama vya ushirika miaka mingi, enzi za leja za karatasi. Nasoma haya nikikumbuka kabati la chuma lenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili.

Nina neno moja kuhusu meneja. Umesema anaona vyote. Kuona ni sawa. Lakini kwenye MIKOPO je, anaandika pia? Anayeidhinisha mkopo asiwe na uwezo wa kubadilisha kiasi baada ya kuidhinisha. Mweke kwenye kundi la kusoma. Mwambie kwa heshima kwamba hilo linamlinda yeye, siku fedha zisipolingana hakuna atakayemnyooshea kidole. Na akaunti ya msimamizi wa kompyuta, yenye uwezo wa kubadilisha ruhusa zote, meneja asiitumie kwa kazi za kila siku, wala wewe. Pasiwedi yake iandikwe, ifungwe kwenye bahasha yenye sahihi juu ya gundi, ikae kwenye sefu. Kamati ya usimamizi ijue ipo.

Jambo jingine, lipelekeni kwenye bodi kwa maandishi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Deni la mtu, ndoa yake, afya yake, vyote ni taarifa zake, na chama kinawajibika kuvilinda. Bodi ikilisikia hivyo, hata diski ya nje utanunuliwa bila kuomba mara mbili.

Karani wa Mwanga (Kigoma)

Shikamoo mzee. Nimelipeleka kwa meneja jana asubuhi, moja kwa moja, na karatasi ya kalenda mkononi. Aliisoma yote. Akachukua kalamu akakata jina lake mwenyewe kwenye safu ya kuandika MIKOPO, akalihamishia kwenye safu ya kusoma. Bahasha tumeifunga pamoja, sahihi ni yangu, yake, na ya mwenyekiti wa kamati ya usimamizi.

Fundi, keshia wa pili ameingia kwa jina lake. Fomu inachapika. Nilizungukia WOTE, MAOMBI na MASALIO faili moja moja kwenye ile sehemu ya Effective Access, nikiandika jina la keshia na kuangalia anaona nini. Nikayakuta mafaili matatu ndani ya MAOMBI yaliyowahi kuhamishwa kutoka WOTE, yote wazi kwa kila mtu. Moja kati ya hayo ni la yule mwanachama aliyetajwa mwaloni. Nimeyafunga kwa /reset, nikawaita meneja na mwenyekiti wayaone kabla sijatoka.

Ukaguzi nimewasha Jumatatu. Diski ya nje imeagizwa, inakuja na treni.

Mama wa Mwandiga nimempigia. Barua yake iko tayari na nimempa siku ya kuja kuichukua, kabla mbalamwezi haijaanza, ili asikae kwenye benchi.

Mwalimu wa Tabora, nina kompyuta kuukuu moja stoo. Nikimaliza hesabu za mwisho wa mwezi nitakuuliza hiyo Ubuntu inaanzwaje.